Mkono Uliotenda

Karani wa Mahakama ya Viungo alisoma hukumu akiwa amevaa gauni la kijani la chumba cha upasuaji juu ya koti lake. Viatu vyake vya matope alikuwa ameviacha mlangoni, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba. Alisoma upesi, maana alishazoea.

"Kiungo kilichotenda ndicho kitakachorejesha," alihitimisha. "Na kiungo kilichotenda ni mkono wa kulia wa Asegelile Mwakanyamale. Daktari, ni wako."

Daktari Subilaga Mwakatobe alikuwa ameshaushika huo mkono, na ulikuwa mkono mzuri, jambo ambalo lilimuudhi. Ngozi ya ndani ilikuwa laini, haina nywele nyingi, na vena zilionekana bila kutafutwa. Mwenye mkono alikuwa fundi wa kusuka mota jirani na kiwanda cha chai. Mwaka uliopita alimmwagia mkewe kopo la maji ya betri kwa sababu alichelewa kurudi kutoka kwaya. Sababu hiyo aliitoa mwenyewe mahakamani, akitegemea kueleweka.

Mke alikuwa kwenye kitanda cha pili, ameinuliwa kwa mito ili aone. Sheria ilitaka mdai ashuhudie kila kitu, awe anapenda au hapendi. Jina lake Tusekile. Shavu lake la kulia lilikuwa limeliwa, na mahali pake palikuwa na kovu linalong'aa lililovuta kope ya chini na pembe ya mdomo, hata meno matatu yakawa nje mchana na usiku. Ngozi ya mikono yake iliungua alipojikinga. Ya mapaja ilishachunwa ili kuziba kifua na shingo. Hakuwa na pa kuchuna tena mwilini mwake.

Daktari alimwita kwa jina la mwanawe, kama wanawake wote pale wanavyoitwa, akamwambia aangalie.

"Mama Lugano, kiganja kinalishwa na ateri mbili. Moja inapita huku kwenye kidole gumba, hapa tunaposhika mapigo. Nyingine inapita upande wa kidole cha mwisho. Hii ya kwanza nitaichukua iende na ngozi usoni kwako. Sasa lazima nijue kama ya pili inaweza kukilisha kiganja peke yake."

Alizibana zote mbili kwa vidole gumba vyake, akamwamuru Asegelile akunje ngumi na kukunjua mpaka kiganja kikawa cheupe kama unga wa muhogo. Kisha akaiachia ile ya kidole cha mwisho. Wekundu ukarudi haraka kuanzia ukingoni, ukaenea kiganja kizima.

"Na kama wekundu usingerudi?" Tusekile aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ningeacha. Ningekuwa simtoi ngozi, ningekuwa namtoa mkono. Sheria inadai ngozi tu."

Tusekile aliendelea kukitazama kile kiganja kwa muda. Asegelile hakusikia chochote. Dawa ya upacha ilikuwa imempanda kichwani, macho yanazunguka, meno yanagongana kwa homa.

Dawa hiyo ndiyo iliyoizaa sheria. Kabla yake, nyama ya mtu haikukubali kukaa kwenye mwili wa mwingine, labda wawe pacha wa tumbo moja. Sasa sindano tatu zilitosha kuwafanya watu wawili wowote wawe pacha kwa damu. Upacha huo ulikuwa wa mara moja tu maishani. Ukishafanywa pacha wa fulani, mwili wako hautapokea nyama ya mwingine yeyote mpaka unaingia kaburini. Wanasheria walipolisikia hilo walifurahi kuliko madaktari.

Subilaga alichukua kalamu zake. Kwa nyekundu alichora njia ya ateri inayoleta damu, kwa bluu njia za vena zinazoirudisha. Kisha akaweka vitone vya kijani kufuata mishipa ya limfu, ambayo kazi yake ni kuzoa yale majimaji yanayovujia kwenye nyama na kuyapeleka kwenye tezi. Wapasuaji wengi huisahau hiyo ya kijani. Nyama hupata damu, hupendeza, kisha huumuka kama unga wa maandazi kwa sababu maji yake hayana pa kutokea.

Njia ya kuichukua ngozi na ateri yake na kuishona palepale kwenye ateri ya shingo ilikuwepo tangu zamani. Ilikuwa kazi ya siku moja. Mahakama iliikataa kwa kuwa haikuwa na adhabu ndani yake. Ilitaka mkosaji aunganishwe na mdai, nyama ikiwa bado inashikiliwa na kikonyo chake, ule utepe wa ngozi unaoiletea damu, mpaka ijifunze kula kwa mwenyeji wake mpya. Kwa hiyo mchana ule Subilaga aliinua kiraka cha ngozi kutoka mkononi, akakiviringisha kikonyo kama bomba, akakilaza kiraka kwenye shavu lililosafishwa na kukishona. Alipomaliza, mkono wa Asegelile ulikuwa umefungwa kwa vyuma mbele ya uso wa mkewe, kichwa kwa kichwa, wote wawili kwenye vitanda vilivyofungwa pamoja.

*

Katika wodi ile hawakuhesabu dakika. Sista Tumpe, muuguzi mkuu, alikuwa na desturi aliyoirithi kwa waliomtangulia. Kila siku alikibana kikonyo kwa kibanio cha mpira ili damu ya mwanamume isipite, na kiraka kilazimike kunyonya kwa mwanamke. Kwanza alikibana muda wa kuchemsha chai. Kiraka kikibaki na rangi nzuri, siku zinazofuata hupewa muda wa kupika ndizi. Mwisho kabisa ni maharage, na maharage ya Rungwe, kwa baridi ile, hayana haraka. Nyama iliyofaulu maharage ndiyo hukatwa kikonyo. Isiyofaulu hurudishwa kwenye ndizi kama mtoto aliyefeli darasa.

Kiraka cha Tusekile kilifaulu chai mapema. Subilaga alikuja kukitazama hata siku zisizo za zamu yake. Alikibonyeza kwa kidole, akahesabu moyoni rangi inavyorudi, akaondoka akiwa na furaha ambayo hakumwambia mtu. Katika kazi zake zote hakuwahi kupata kiraka kizuri kama kile.

Limfu peke yake ndiyo iliyochelewa. Alipochoma tone la rangi kwenye kiraka na kuwasha taa yake maalumu, vijia vya kijani viling'aa na kurudi nyuma, kupitia kikonyo, mpaka mkononi kwa mwanamume. Maji ya uso wa mke yalikuwa bado yanapita kwa mume. Mkono ulianza kujaa.

Siku moja Lugano aliletwa na bibi yake. Mtoto huyo alikuwa na miaka mitano, na tangu mama yake aungue alikuwa anakula akiwa amempa mgongo. Tusekile alikubali hukumu kwa ajili hiyo tu, na alimwambia daktari hivyo bila kuona haya: anataka mwanawe amwangalie wakati wa kula. Mtoto alisimama mlangoni, akaona mkono wa baba umekaa usoni mwa mama.

"Bibi, baba anampiga mama tena," alisema, akaanza kulia, akatolewa nje amebebwa.

Asegelile alicheka. Hakucheka kwa sauti, lakini kikonyo kilitikisika na Tusekile akakisikia kicheko ndani ya shavu lake.

Mwanamume huyo alikuwa amejua kuishi wodini. Alilalamika kwamba hawezi kujilisha kwa mkono wa kushoto, kwamba tangu utotoni kushoto kwake ni kuzito, kwa hiyo Sista Tumpe akawa anamlisha uji kwa kijiko asubuhi na jioni. Alimsifia Sista kwa uji. Aliwapaka wauguzi wote mafuta kwa mgongo wa chupa, na wageni waliopita walimwona mtu mpole aliyepatwa na mkosi. Mkewe alikuwa akiongea naye pale tu alipolazimika, na alimwita Baba Lugano kwa sauti ileile aliyotumia nyumbani.

*

Siku Asegelile alipochomwa sindano ya usingizi ili wamsafishe begani, Tusekile alimshika daktari gauni.

"Ananinong'oneza," alisema. "Ananiambia nimepewa mkono usio na kosa. Kwamba ule wenyewe umelala salama upande wa pili. Hivi ni kweli sheria inataka mkono uliotenda?"

Subilaga alisema ndiyo, ndivyo ilivyo.

"Basi huu haukutenda. Huyu akishika kijiko ni kulia, akisalimia ni kulia, maana babake alimchapa mpaka akaacha kushoto. Lakini akikasirika ni kushoto. Akinipiga, sikio linalovuma ni hili la kulia. Hata shavu ni la kulia."

Daktari alimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Nani aliniuliza? Mahakamani taya lilikuwa limefungwa. Na hapa karani alisoma mbio, nami nilipowaona mmeshika kulia nilidhani mnachagua wenye ngozi nzuri."

Subilaga aliuwazia mwenendo mzima wa kesi na akaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mahakamani karani alimwambia mshtakiwa aonyeshe alivyomwaga. Akaonyesha kwa kulia. Hakimu anakula kwa kulia, karani anaandika kwa kulia, wote wamelelewa kwa viboko vilevile, nani angewaza kushoto? Hata yeye daktari aliupokea ule mkono bila kuuliza, akafurahia vena zake.

Hakutaka kuamini kwa maneno. Jioni hiyo aliingia wodini wakati wa uji. Asegelile alikuwa macho, amefungua kinywa akisubiri kijiko. Subilaga alipita karibu na meza ya kitanda na kukisukuma kikombe kwa kiwiko, kama mtu asiyeangalia anapopita. Kikombe kilianguka kuelekea usoni kwa Tusekile, uji ukiwa wa moto.

Mkono wa kushoto wa Asegelile ulikidaka hewani. Haukumwaga hata tone. Vidole vilikizunguka kikombe vizuri kabisa, vidole vya mtu anayesuka waya mwembamba kuliko unywele kutwa nzima.

Walitazamana, yeye na daktari. Hakuwa na haya. Alikirudisha kikombe mezani polepole, akasema wakati mwingine Mungu humpa mtu wepesi asiokuwa nao, kisha akafungua kinywa tena.

*

Nje ya wodi mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, na Subilaga alisimama kwenye kibaraza akijaribu kufikiri kama mtu mzima. Sheria ilikuwa wazi. Nyama iliyotoka kwenye kiungo kisichotenda iliitwa nyama isiyo haki. Ikiripotiwa, hubanduliwa na kuteketezwa, na wahusika huunganishwa upya kwa kiungo kilicho sahihi. Kwenye makaratasi ilipendeza. Kwenye shavu la Tusekile, vimishipa vyote vichanga vilivyoota kutoka kwenye ateri ya chini ya taya vingeng'oka na kiraka. Kiraka cha pili kingelazwa juu ya kovu jipya, hakina pa kunyonya. Kingeoza.

Alirudi akamweleza Tusekile hayo yote bila kuficha.

"Kibanduliwe," Tusekile alisema.

"Na uso?"

"Bila uso nimeshakaa. Daktari, mimi nitakula na huyu mtu shavuni, nitalala naye, na yeye yuko nyumbani anasuka mota kwa mkono ulionimwagia. Atakuwa anacheka kila siku. Mwite karani."

Subilaga alimkumbusha Lugano. Tusekile alifumba jicho lake moja linalofumba. Kisha akarudia kwamba karani aitwe.

Karani huja Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Na sheria ileile ilikuwa na mlango mwingine ambao Subilaga aliujua vizuri: kikonyo kikishakatwa, shauri limefungwa, na hakuna anayeweza kulifungua, awe mdai au mdaiwa. Kiraka kilikuwa kimefaulu ndizi mara mbili. Maharage hakijawahi kuyajaribu. Vijia vya kijani vilikuwa vimeanza tu kushuka shingoni kwa mwanamke, viwili vyembamba, vingine vyote bado vinakwenda kwa mume.

Alijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Alijiambia kwamba mgonjwa mwenye hasira haoni mbali, na daktari kazi yake ni kuona mbali. Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alikuwa pia anakipenda kile kiraka, na wazo la kukiona kwenye tanuri la hospitali lilimkata maini. Hilo hakujiambia.

Jumapili asubuhi alimwambia Tusekile kwamba wanakwenda kusafisha mishono. Tusekile alimwamini. Alinyoosha mkono achomwe sindano, akauliza kama karani ameshapewa habari, na daktari akamwambia asiwe na wasiwasi.

Sista Tumpe aliona kisu kikitolewa kwenye kitambaa.

"Daktari, hiki hakijapewa maharage."

"Najua."

"Na kijani bado kinarudi kwa mwanamume."

"Sista, shika kibanio."

Sista alishika, shingo upande. Subilaga alikata. Kwa kuwa alitaka kumaliza kabla mtu wa utawala hajapita, upande wa mwanamume alifunga vena na mishipa ya limfu pamoja kwa uzi mmoja, jambo ambalo angemfukuzia mwanafunzi. Upande wa mwanamke alishona ukingo wa mwisho kwa mishono midogo mizuri sana. Kiraka kilikuwa cha rangi ya afya. Kwa muda wa chai kilikuwa shavu.

*

Kufikia jioni kilikuwa kimevimba. Damu iliingia, maana ateri haichoki upesi, lakini vena zilikuwa chache na limfu haikuwa na njia. Rangi ikawa ya zambarau, kisha ya bilinganya. Subilaga aliagiza ruba. Sista Tumpe aliwaweka mmoja baada ya mwingine shavuni kwa Tusekile, wakanyonya wakanenepa na kuanguka, akaweka wengine. Tusekile alikuwa ameshaamka. Aliwasikia wakitembea usoni mwake na hakuuliza kitu, kwa sababu alikuwa ameshanyoosha mkono na kugundua kwamba kitanda cha pembeni hakina mtu.

Kiraka kilikufa katikati ya wiki. Kilikauka kikawa cheusi na kigumu, na daktari mwenyewe ndiye aliyekitoa kwa kibanio, vipande vipande. Hakikutoa damu hata kidogo. Chini yake kovu lilikuwa baya kuliko la zamani. Meno yaliyokuwa nje yalikuwa matatu, sasa yakawa matano.

Karani alikuja na kufunga shauri. Aliona kiraka kilichokufa na kusema pole, kisha akaeleza kwamba Mahakama inahakikisha nyama inatolewa, haihakikishi inaishi. Asegelile akaachiwa huru. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa maji mpaka kiwiko hakikunjiki, vidole vimekaa kama ndizi za kuchemsha. Daktari alimwambia uvimbe utapungua akiufunga bendeji vizuri. Alijua hautapungua, kwa kuwa uzi aliofunga yeye hauwezi kufunguliwa.

Siku ya kuondoka Tusekile alimwomba Sista kitambaa, akajifunika uso, akasimama mbele ya daktari.

"Ulimwita karani?"

"Hapana."

"Ulinihurumia," Tusekile alisema, na kwa jinsi alivyolitamka, Subilaga angependelea kutukanwa.

*

Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha Asegelile alipokuja mwenyewe kliniki, amevaa suti. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji na kulazwa mapajani, mkubwa kama mhogo wa maonyesho ya Nane Nane. Tusekile alikuwa ameitwa pia, akakaa kiti cha pili na kitambaa chake. Walisalimiana kwa heshima. Sista Tumpe alisimama mlangoni na hakutaka kuondoka.

Asegelile alieleza alichojia. Amesikia kwamba mkewe hana pacha mwingine duniani isipokuwa yeye, na kwamba bila kulazimishwa na Mahakama, kazi inaweza kufanyika kwa siku moja, ateri kwa ateri, na ikapona. Je, ni kweli? Daktari alisema ni kweli. Shingoni kwa Tusekile kulikuwa na ateri nzima na vena nzima, na tezi za kutosha kupokea limfu. Kwa njia hiyo angepata shavu.

"Basi mimi natoa," Asegelile alisema. Alikunja mkono wa kushoto wa shati kwa meno, taratibu, akauweka mkono mezani. "Huu hapa. Ndio wenyewe, kama mlikuwa mnataka kujua."

Sheria haikuweza kumfanya kitu, na alilijua hilo kuliko karani. Alivaa miwani ya mbao mchana kweupe na kuendelea kuongea. Anatoa kama zawadi ya mume kwa mke. Anachotaka ni mke wake arudi nyumbani, pamoja na mtoto. Nyumba imekuwa chafu, kazi zimelala, na watu wanasema.

"Mtoto atabaki kwa bibi yake," Tusekile alisema.

Asegelile alifikiri, akakubali. Mtoto angemfuata mama siku za baadaye, aliona hilo halina ubishi. Alimgeukia daktari kuuliza jambo moja tu: huu mkono ndio anaousukia mota, na mwenzake umekuwa mzigo. Baada ya kutoa ngozi, utafanya kazi?

"Nitaupima," Subilaga alisema.

Alikishika kifundo cha mkono kwa vidole gumba viwili, akazibana ateri zote mbili. Akamwambia akunje ngumi na kukunjua. Kiganja kikawa cheupe. Akaiachia ya kidole cha mwisho.

Kiganja kilibaki cheupe. Alisubiri. Alisubiri kupita muda ambao mwanafunzi wake yeyote angeruhusiwa kusubiri, na ukingo haukupata rangi hata ya kudanganyia. Alipoiachia ya kidole gumba ndipo wekundu ulipomiminika wote kutoka upande mmoja. Mkono huu ulikuwa unaishi kwa ateri moja tu, ile anayotakiwa kuichukua. Watu wa namna hiyo wapo, wachache, wamezaliwa hivyo na hawajui.

Asegelile alikuwa anamtazama Sista Tumpe, anamuuliza kama bado anapika uji mtamu. Alipopimwa mara ya kwanza alikuwa na homa ya upacha, hakuona kitu, na leo alidhani daktari anampapasa mapigo tu.

Subilaga aliinua macho. Tusekile alikuwa ameshusha kitambaa. Alikuwa hamwangalii daktari. Alikuwa anakiangalia kiganja, na jicho lake lile lisilofumba lilikuwa limekaa pale tangu kilipokuwa cheupe. Alikuwa amefundishwa kipimo hiki vizuri, na mwalimu wake ndiye huyu.

"Wekundu usingerudi ungeacha," Tusekile alisema taratibu. "Si ndivyo ulivyoniambia, Daktari?"

"Ndivyo nilivyokuambia."

"Na sasa?"

Daktari alikuwa ameshamwamulia mwanamke huyu mara moja, bila kumuuliza, na kile alichomwamulia kilitoka usoni mwake kwa vipande vyeusi. Safari hii mwanamke alikuwa anajua yote anayoyajua daktari. Mwanamume ndiye asiyejua, na alikuwa na haki ya kuambiwa, haki ileile ambayo daktari huapa kuilinda kwa mgonjwa mwema na mwovu. Subilaga aliliona hilo wazi kabisa, akaogopa, na hofu yake haikumzuia.

"Unafaa?" Asegelile aliuliza.

"Unafaa."

Sista Tumpe, ambaye aliona kiganja naye, aligeuka akafunga mlango, akabaki ndani.

Subilaga alichukua kalamu nyekundu. Alianza kwenye kifundo, kwenye mapigo, akapandisha mstari polepole kuelekea kwenye kiwiko. Vidole vya Asegelile vilikuwa vimetulia mezani, vyembamba, safi, kila kimoja kikiwa na alama ndogo ya waya.

"Nitarudi nyumbani, Baba Lugano," Tusekile alisema. "Utahitaji mtu wa kukulisha."

Asegelile alicheka kwa furaha, akasema sasa ndiyo anamsikia mke wake, kisha akaunyoosha mkono vizuri zaidi ili mstari usipinde.